Vumbi la Nathaniel

Kivuko kilipoondoka Kamanga kuelekea mjini Mwanza, mzee aliyekaa mbele ya Sabina alikuwa amepakata kompyuta iliyofunikwa kitenge. Sabina alidhani anaikinga na maji ya ziwa. Dada aliyekaa jirani na mzee alimwamkia shikamoo, akasema yeye ni fundi kompyuta wa Mirongo, akauliza ina tatizo gani.

"Gemu mpya inakwamakwama," mzee alisema. "Binti yangu akiicheza, gari linasimama, kisha linaruka."

"Umejaribu kupunguza ubora wa picha?"

"Tumepunguza mpaka watu hawana sura."

Sabina alitaka kucheka. Fundi alifunua kitenge, akamulika ndani kwa simu. "Mzee wangu, feni imejaa vumbi. Kompyuta ikipata joto inapunguza kasi. Likitoka hili, gemu itateleza. Mbona haijasafishwa?"

"Ni ya marehemu kaka yake, Nathaniel. Tangu tumzike, mama yake hataki chumba kile kifagiliwe."

"Lakini matanga si mlishaanua?"

"Tulianua. Tukafagia nyumba yote, isipokuwa kule."

Sabina alikitazama tena kile kitenge.

"Ukiiacha hivi itaungua," fundi alisema taratibu, "na vitu alivyohifadhi marehemu humo vipotee." Akatoa brashi ndogo mkobani.

"Nilitegemea utaniambia kuna kifaa kimekufa," mzee alisema, "ninunue kingine."

Kivuko kikagusa gati. Abiria wakainuka, upepo wa ziwa ukapenya katikati yao, na mzee akayaziba matundu ya kompyuta kwa viganja vyote viwili.