Kutu ya Upande wa Abiria

Kila baada ya Alasiri tunakaa kwenye baraza moja ya Vuga, tunakunywa kahawa chungu kwa kashata. Juzi niliegesha gari mbele ya wenzangu, nikafungua mlango wa abiria na kuinua zulia. Bati la chini lilikuwa limeliwa hadi barabara inaonekana. Fundi wa Kiembe Samaki amesema lazima alikate lote na kuchomelea jipya, au gari halitapita ukaguzi. Nilitaka mtu aniambie kuna njia nyingine.

— Usikate, Mwalimu, — alisema Salem, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua redio. — Piga msasa, paka oili chafu. Kutu itateleza yenyewe.

— Iteleze iende wapi? — aliuliza Jecha Nanga, baharia mstaafu wa Tumbatu. — Kutu ina dume na jike. Hii jike, nshaijua kwa rangi. Ukichelewa, itazaa mlangoni.

— Wewe Nanga, mkeo mwenyewe hukujua ana mimba mpaka mtoto alipolia!

— Haya, Injinia, tupe dawa.

— Mafuta ya karafuu. Umeona wapi kutu Kidichi kwenye mashamba ya karafuu?

— Nimeiona. Pikipiki ya shemeji yangu imebaki honi tu.

— Basi honi ndiyo aliyoipaka karafuu!

Nilicheka nao. Shemeji huyo wa Nanga, Nadir, alikuwa ndio kwanza anafika. Alitusalimia, akainama, akatazama upande wa dereva, kisha upande huu.

— Kule kuzima kabisa. Huku alikuwa akikaa nani na maji?

Salem alitazama ndani ya kikombe chake. Nanga alikohoa.

Kila tukitoka Kizimkazi, Bashira, marehemu mke wangu, alibana ndoo ya pweza katikati ya miguu yake, pweza mzima ndani ya maji ya bahari. Nilimwambia aiweke kwenye buti. «Huko nyuma nani atamtazama?» Kila kona maji yalimwagika, yakamlowesha miguu yenye hina, naye akanicheka mimi niliyekunja uso. Jioni bakuli la mchuzi lililetwa hapa barazani. Salem na Nanga wote wawili waliula.

Niliteremsha zulia, nikalinyoosha, nikafunga mlango.

— Kesho nampelekea fundi, — nilisema.

Nanga aliweka kikombe chini.

— Nnakuja na wewe, Mwalimu. Ntakaa nyuma.