Mkaguzi wa Nyama na Vyoo vya Ghorofa ya Tatu

Tarehe 9 Februari 2023, marehemu alijiandikisha kuwa mpanda baiskeli namba 41 katika msafara wa hisani wa kilomita mia tatu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na alikuwa hajawahi kupanda baiskeli hata siku moja. Kijana wa mapokezi alimuuliza ni kitu gani kilichomsukuma kujiunga. Alijibu, "Andika kinyaa." Kijana akacheka, akaandika "upendo". Marehemu alimrudishia fomu, akasimama pale mezani mpaka neno lile likafutwa.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1964, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi wa reli na mkewe mshonaji. Walikaa katika nyumba za wafanyakazi, familia nane kwa bomba moja na choo kimoja. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kubana pua kabla hajajua kutembea. Mdogo wake alipozaliwa miaka minne baadaye, wawili hao wakawa chanda na pete. Mdogo akitaka kwenda uani, dada alimshika bega na kumwambia, "Ngoja kwanza niangalie." Aliingia yeye, akamwaga maji, akapiga ufagio, ndipo akamwita. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Aliona tu kuwa si haki mtu mdogo akutane na uchafu wa watu wazima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, na sekondari hadi 1982. Mwaka 1981 alisimamishwa masomo kwa wiki mbili kwa kosa la kumwaga sufuria nzima ya maharage ya bweni, ambayo juu yake dumuzi walikuwa wakielea kama iliki. Mwalimu wa zamu alimkaripia: "Wenzako wote wanakula!" Akajibu, "Wenzangu hawajaangalia, mwalimu." Baba yake alipokwenda kumchukua hakumpiga wala hakumsifu. Alimuuliza tu kama maharage ya nyumbani nayo ameyaangalia. Alikuwa ameyaangalia. Mwaka 1986 alihitimu chuo cha afya ya mifugo na kupata cheti cha ukaguzi wa nyama.

Alianza kazi machinjioni tarehe 1 Februari 1987, akastaafu tarehe 30 Juni 2022. Kila alfajiri alivaa buti nyeupe na aproni ya mpira, akapita chini ya kulabu kwa kisu kifupi, akichana maini, mapafu na tezi, kisha akipiga muhuri kwenye kilichofaa na kumwagia rangi kisichofaa ili kisirudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Wachinjaji walimwita Bi Kataa. Walimbembeleza, walimtania, na wengine walimtisha.

"Bi Kataa, hili ini halina neno, ng'ombe alichoka safari tu."

"Uchovu wa safari hautoboi mashimo, baba. Lete rangi."

Watu waliomfahamu kwa mbali walidhani mwanamke anayeshinda kwenye matumbo na nyongo hawezi kuwa na kinyaa. Waliokaa naye walijua kinyume chake. Utumbo haukumsumbua; ulikuwa utumbo, haukujifanya kitu kingine. Kilichomchefua mpaka kumtoa machozi ni nyama iliyooza ikaoshwa kwa siki na kupangwa kwenye sahani nyeupe. Alisema uchafu ulio wazi ni bahati mbaya, lakini uchafu uliopambwa ni tabia ya mtu.

Aliolewa tarehe 15 Desemba 1990 na fundi redio. Alipopelekwa ukweni kwa mara ya kwanza aliwekewa ini la kukaanga, naye kabla ya kutia tonge mdomoni alilifungua kwa ncha ya kisu, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaitikia kwa kichwa. Mama mkwe alimgeukia mwanawe: "Mwanangu, umeoa mke au umeoa serikali?" Meza nzima ilivunjika mbavu, na marehemu aliona haya kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika ukoo huo. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mdogo wake alilazwa ghorofa ya tatu, wodi ya wanawake. Marehemu alimuuguza kwa wiki tano. Wodi hiyo ilikuwa na vyoo vinne. Viwili vilikuwa vimefungwa kwa waya. Cha tatu hakikuwa na mlango. Cha nne kilikuwa kimeziba, na maji yake, kama yalikuwa maji, yalifika kwenye kizingiti na kutambaa hadi chini ya kitanda cha kwanza. Ukutani palikuwa na alama za vidole vya watu waliokosa karatasi. Mafunza walitembea kwenye chokaa kwa mwendo wa kitu chenye haki ya kuwapo. Marehemu, ambaye miaka thelathini na mitano ya machinjioni haikumtapisha, alitapika hapo siku ya kwanza. Siku ya pili alileta buti zake nyeupe, ndoo na dawa, akasafisha. Kufika jioni palikuwa kama hapajaguswa, kwa sababu bomba la chini lilikuwa limeoza na kila kilichomwagwa kilirudi.

Mdogo wake aliacha kunywa maji. Hakumwambia mtu. Aligeuza uso kila kikombe kilipoletwa, akasema hana kiu, ili asije akahitaji kwenda kule. Aliaga dunia tarehe 19 Novemba 2022. Daktari alieleza habari za figo, na alieleza vizuri. Dada yake alikuwa ameshaona midomo iliyokauka.

Ndiyo maana, msafara wa baiskeli ulipotangazwa kwa ajili ya kujenga upya vyoo vya ghorofa ya tatu, alikwenda kujiandikisha kabla rangi ya tangazo haijakauka.

Mume wake ndiye aliyemfundisha, kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala la saruji. Majirani walitoa viti kuja kutazama.

"Shika breki, mama watoto! Breki!"

"Breki ipi? Ziko mbili!"

"Yoyote!"

Alishika ya mbele, akaruka juu ya usukani, akatua kwenye mchanga kama gunia. Aliinuka, akautema mchanga, akasema mchanga ule umekojolewa na mbuzi, na majirani waliokuwa karibu hawakuthubutu kumbishia. Wiki ya tatu alikuwa akienda mwenyewe.

Halafu likaja jambo la cheni. Machinjioni, magurudumu yanayobeba kulabu hupakwa mafuta ya ng'ombe, kwa kuwa mafuta ya mashine yakidondokea nyama huiharibu. Kwa mkono uliozoea hivyo, marehemu aliipaka cheni ya baiskeli yake mafuta ya ng'ombe, kwa ukarimu. Jumapili ya kwanza ya mazoezi ya pamoja jua likapanda, mafuta yakayeyuka, yakavunda. Waliokuwa nyuma yake walidhani kuna mzoga kandokando ya barabara, na kila wakikaza mwendo kuukimbia, mzoga ulikuwa nao. Kisha wakatokea mbwa. Walianza wawili, wakafika kumi na kitu, na siku hiyo mama wa miaka hamsini na minane aliwaacha vijana wote kwenye mlima.

"Mama, wewe unafanya mazoezi ya nini, ya olimpiki?" fundi baiskeli alimuuliza walipofika, akiwa ameziba pua kwa kola ya shati.

"Ya kutoliwa," akajibu, akihema.

Fundi huyo aliisugua cheni yake kwa mafuta ya taa mara tatu, akamwapisha asirudie. Marehemu alicheka kosa lake mwenyewe mpaka siku za mwisho. Lakini mengine ya kundi lile hakuyacheka. Alichukia chupa moja ya maji kupita midomo kumi. Alichukia makohozi yaliyorushwa bila kugeuka nyuma. Zaidi ya yote alimchukia mwenyekiti wa kamati, mtu wa viatu vyeupe, aliyepanda baiskeli mita mia za kwanza kwa ajili ya wapiga picha, akaingia ndani ya gari lenye kiyoyozi, na kushuka tena mita mia za mwisho baada ya kujinyunyizia maji usoni yaonekane jasho. Marehemu alisema hiyo ndiyo siki.

Tarehe 21 Mei mwenyekiti aliwakusanya wapanda baiskeli wapatao arobaini na kutangaza kwamba kamati imepata wazo bora zaidi. Badala ya vyoo, ingejengwa sebule ya wageni pale chini, yenye milango ya vioo na ukuta wa picha za wafadhili. "Ndugu zangu, tuseme kweli," alisema. "Choo hakina sura. Nani atakata utepe mlangoni mwa choo?"

Wengine walicheka. Marehemu alisimama.

"Mwenyekiti, umewahi kupanda ghorofa ya tatu?"

"Mama yangu, tuna taarifa zote."

"Sikukuuliza taarifa. Nimekuuliza miguu yako."

"Tusiharibu hali ya hewa, mama. Sote tunawapenda wagonjwa."

Alikaa. Mume wake alieleza baadaye kwamba mkewe alirudi nyumbani akanawa mikono, akaifuta, akainawa tena. Kilichomtia uchungu ni kwamba sebule ile ingependeza, na watu wangepita mbele ya vioo vyake wakisifu, huku juu ya vichwa vyao mwanamke mwingine akigeuza uso mbele ya kikombe cha maji.

Kundi lilikuwa na desturi moja. Kila Jumapili mpanda baiskeli mmoja, kwa zamu, alichagua njia na mahali pa kupumzika, na wote walimfuata bila kuuliza. Zamu ya marehemu iliangukia tarehe 28 Mei. Aliwapitisha njia ndefu isiyo na kivuli, isiyo na kichaka wala kituo cha mafuta, na kila walipopunguza mwendo aliwahimiza kunywa maji. Safari hii kila mtu alikuwa na chupa yake. Alizileta mwenyewe, zimeoshwa. Mwenyekiti naye alikuwepo, kwa sababu siku hiyo walialikwa waandishi wa habari, na marehemu alikuwa amemwomba dereva wa gari la kiyoyozi, ambaye mkewe aliwahi kulazwa ghorofa ya tatu, alale nyumbani.

Njia iliishia hospitalini. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa ameshaombwa ruhusa, naye alijibu kwa neno moja: "Waje." Wakapanda ngazi wawili wawili, wamebana magoti. Marehemu alisimama kwenye korido akawaonyesha kwa mkono.

"Mapumziko ni hapa. Karibuni."

Kijana wa kwanza aliingia na kutoka hapo hapo, akashika ukuta, kisha akaangalia mkono wake alioshikia ukuta. Mwalimu wa mazoezi wa kundi alilia. Mwenyekiti alijizuia kwa muda mrefu kuliko wote, jambo ambalo marehemu alikiri lilikuwa zoezi lake la kwanza la kweli, na mwisho akaingia. Alitoka akiwa ametapika, viatu vyeupe vimebadilika rangi hadi kwenye kamba. Mgonjwa wa kitanda cha kwanza, bibi mmoja mwembamba, alimwambia kwa upole, "Pole, mwanangu. Utazoea."

"Tutalitazama suala hili," mwenyekiti alisema alipopata sauti.

"Umeshalitazama," marehemu akasema.

Kura ilipigwa kwenye ngazi. Sebule haikupata hata mkono wa mwenyekiti.

Mwezi wa sita alianza kukonda, akasingizia mazoezi. Tarehe 11 Julai vipimo vilionyesha saratani ya ini. Daktari alipoweka picha kwenye mwanga na kuanza kutafuta maneno mepesi, marehemu aliisogelea, akaitazama kama alivyotazama maelfu ya maini kabla yake. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, daktari," alisema. "Hili lingekuja kazini kwangu, ningelikataa." Kisha alimshika mkono mume wake, ambaye hakujua asomeje picha ile na akajua kila kitu.

Alilazwa tarehe 2 Agosti, ghorofa ya tatu. Mwenyekiti alikuja na maua, akajitolea kumhamishia chumba cha binafsi chenye choo chake. Marehemu alimshukuru, akakataa. "Nikihama, mtasahau." Binti yake alimsihi: "Mama, jionee huruma angalau wewe." Akamjibu, "Mwanangu, mimi nachefuka. Huruma itafuata." Aliendelea kunywa maji yake yote, kila kikombe, na kwenda kule kwa miguu yake akiwa ameshikwa mabega, na kila aliporudi alitaka wajumbe wa kamati waelezwe alichokiona, bila kupunguza neno. Walielezwa. Tarehe 22 Agosti mkataba na fundi bomba ulisainiwa kando ya kitanda chake, naye aliagiza liongezwe tangi la maji juu ya paa. Mwenyekiti aliuliza kama vyoo vipewe jina lake.

"Mniandike mlangoni mwa choo? Mna kichaa? Wekeni sabuni."

Aliaga dunia tarehe 2 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono, mashuka yakiwa safi. Binti yake alikuwa ameyabadilisha muda mfupi kabla.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, na binti wa mdogo wake ambaye alimlea kama wake wa kumzaa. Familia inawashukuru wauguzi wa ghorofa ya tatu, wanaofanya kazi mahali ambapo wengi wetu hatukuweza kusimama. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na pawe safi.

Msafara unaondoka Jumamosi ijayo, tarehe 14 Oktoba, na namba 41 itavaliwa na mume wake. Mafundi wanaanza kung'oa bomba la chini Jumatatu, tarehe 16.