Doa Lililokataa Kung'aa

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa masomo ya jioni, hamjambo? Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Mimi kupiga chafya tu hunichukua kumi na tano, kwa hiyo mnivumilie.

Miaka ile watu walipopunguzwa makazini, mimi nilinusurika maabara ya hospitali hapa Songea, nikipaka damu kwenye vioo vya kupimia malaria. Jioni nikasoma, nikafaulu, hadi nikapata ufadhili Ulaya. Koti nililopewa huko lilikuwa zito kama godoro la watu wanne!

Kazi ilikuwa kupima molekuli zinavyotembea ndani ya utando wa seli, ile ngozi yake nyembamba. Unazitia rangi inayong'aa ukiimulika. Unachoma doa dogo kwa leza mpaka rangi ya hapo izimike, kisha unatazama kwa hadubini. Molekuli za jirani zikitembea, zinaingia pale na doa linang'aa tena. Unapima limechukua sekunde ngapi.

Ndugu zangu, doa langu halikung'aa. Wiki tatu, giza! Na mama mkuu wa maabara alishasema asiye na majibu mwisho wa mwezi anarudi kwao. Nikajiona nimeshuka stendi ya Songea na lile koti, mnaniuliza, "Umetuletea nini?"

Basi nikaanguka majaribuni. Nikachukua penseli, nikachora mstari unaopanda, kana kwamba doa limeng'aa, mzuri kuliko wa wenzangu wote. Sekunde nikazitunga mwenyewe.

Mama mkuu akafurahi. "Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Nikatia seli rangi. Halafu mkono wangu, bila hata kuniomba ruhusa, ukachukua spiriti ukadondoshea, kama wiki zote zile tatu, na kama nilivyozoea hapa nyumbani ili damu isibanduke kwenye kioo.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kugandisha, mama."

"Sasa zikiganda, zitatembeaje?"

Nawaambia, nilitamani sakafu inimeze na koti langu. Mstari wangu ulikuwa bado mezani, na yeye hakujua. Ningeweza kusema nimepitiwa leo tu. Nikasema, "Mama, ule mstari nimeuchora mwenyewe."

Mama akaichana ile karatasi. "Una siku nne. Niletee seli zilizo hai."

Siku ya tatu doa lilianza kung'aa, polepole kutoka pembeni. Nilipiga kigelegele, mwanamume mzima! Naye akaniamuru niandike kosa langu mwanzoni mwa ripoti. Niliandika.

Namshukuru mama yule. Namshukuru mwalimu wetu wa jioni, na mke wangu aliyelima peke yake misimu miwili.

Kesho mnaingia mtihani wa vitendo. Majibu yakikataa, andikeni yamekataa. Na mkiwa kazini, msijifungie nayo wiki tatu kama mimi: mwiteni mtu aje awatazame mikono.