Visanduku Vinne Vilivyoungua Bustanini

Sifa ni kwa Mungu, aliyeniamsha leo nikiwa na macho yanayoona na vidole visivyotetemeka, kwa maana kazi yangu inataka vyote viwili. Ndugu zangu wa kanisa, na ninyi mama zangu wa bustani, nimeuandika ushuhuda huu kwenye karatasi kwa sababu nikiachwa niseme kwa furaha niliyo nayo, leo hatutakula mchana.

Mnanijua. Nimefundisha katekisimu hapa Kisangani miaka mingi, na riziki yangu naipata kwa kutengeneza redio. Mama wa bustani walikuwa wakipanda kingo za mto Tshopo na mabeseni ya maji kichwani ili kumwagilia mboga zao, lengalenga na matembele. Ndipo tukapata pampu ndogo ya umeme wa jua, pamoja na batri yake. Pampu nzuri! Mota yake haina yale makaa madogo yanayosuguana na kuisha. Ndani kuna sumaku inayozunguka, na nje zinatoka waya tatu tu. Lakini mota ya namna hiyo haiendi yenyewe. Inahitaji kisanduku cha elektroniki cha kuzipa waya zake umeme kwa zamu. Kisanduku kilichokuja nayo kiliingia maji kikafa. Mimi nikasimama mbele yenu, kifua mbele, nikasema, "Nitatengeneza kingine."

Nikatengeneza. Nyumbani, ndani ya ndoo, pampu iliimba! Bustanini ilifanya kazi siku chache, kisha asubuhi moja tukaona moshi. Nikatengeneza cha pili, nikaweka transista kubwa zaidi, vile vipande vinavyowasha na kukata umeme. Moshi. Cha tatu, vilevile.

Sasa sikieni nilivyoanguka, maana kuungua kwa vifaa si anguko. Baada ya kile cha tatu nilisimama katika maombi ya kikundi, nikafungua kitabu cha Yoshua, habari za Akani aliyeficha vitu vilivyokatazwa hata Israeli wote wakashindwa. Nikasema, "Kati yetu kuna Akani." Sikutaja jina. Lakini kila mtu alijua ni nani anayewasha pampu: mama mmoja mjane, anayefika bustanini wa kwanza. Mara zote tatu mkono wake ndio uliobonyeza swichi. Macho yote yakamgeukia. Akanyang'anywa ufunguo wa kibanda cha pampu. Akaacha kuja bustanini, akaacha hata kuja kanisani, na matuta yake yakaanza kukauka.

Mke wangu aliniuliza nyumbani, "Papa, ni Shetani gani huyo anakula transista tu, batri anaacha?" Nikamwambia anyamaze.

Kisanduku cha nne nilikiwasha mwenyewe, baada ya kufunga siku nzima na kukiombea. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mto umejaa matope. Nikabonyeza. Moshi ukanipanda puani. Mama waliokuwepo walinitazama. Yule mjane hakuwepo. Mkono ulikuwa wangu.

Nilikwenda kwake papo hapo, nikinuka moshi. Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo.

"Papa, karibu. Nasikia harufu ya moshi. Akani iko wewe sasa?"

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Bon, kaa kwanza. Si kiti kile, mguu yake imevunjika. Sikia. Ile pampu, mbele ya kuungua, iko inafanya trrr, trrr, kama mutu wa malaria. Haizunguke. Na inafanya vile siku maji iko na muchanga mingi."

"Ulijua haya yote? Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Wewe ulihubiri tu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilipiga kelele "Haleluya!" hata kuku wakakimbia. Nililiona kosa lote mara moja! Kisanduku hujua sumaku iko wapi kwa kusikiliza waya wa tatu, ule usiopewa umeme wakati huo. Sumaku ikizunguka, waya huo hurudisha umeme kidogo, kama jibu. Mwanzoni sumaku imesimama, hakuna jibu, kwa hiyo lazima kisukume bila kujua. Mimi nilikuwa nimekiamuru kisukume, na kiendelee kusukuma hadi jibu lije. Katika ndoo yangu ya maji safi lilikuja kila mara. Mchanga wa Tshopo ulipoishika sumaku, halikuja, na kisanduku kikasukuma hadi kikajiunguza.

Cha tano kinasukuma kidogo, kisha kinasikiliza. Kisipojibiwa kinakata umeme, kinapumzika, kinairudisha sumaku nyuma kidogo ili mchanga ulegee, kinajaribu tena. Kikishindwa mara tano kinawasha taa nyekundu na kungoja mtu aje kuosha pampu. Na umeme ukizidi kipimo wakati wowote, kinajizima chenyewe.

Nilimwita mama yule aje nyumbani kwangu kukijaribu. Akatia konzi ya mchanga ndani ya ndoo. Nikasema inatosha.

"Papa, muto haina huruma. Naongeza!"

Trrr. Kimya. Trrr. Kimya. Nilishika meza. Kisha pampu ikakoroma, ikatema matope, na maji yakaruka hadi kwenye kitenge chake! Alipiga vigelegele, mke wangu akatoka jikoni mbio akidhani nyumba inaungua. Tangu siku ile mvua nyingi zimenyesha. Taa nyekundu imewaka mara mbili, mama wakaosha pampu, ikaendelea.

Lakini habari ya Akani niliisema mbele ya watu wote, na msamaha nimeuomba kwa mtu mmoja nyumbani kwake. Haitoshi. Kwa hiyo leo, mbele ya watu walewale, nasema: mama huyu hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika kazi ya mikono yangu, nami nikamtwika yeye kichwani. Aliyeshika ufunguo wa kibanda, nakuomba usimame sasa hivi umrudishie, sote tukiona.

Namshukuru mama huyu aliyenifungulia mlango. Namshukuru mke wangu, aliyeona mbali nikamnyamazisha. Na kama kuna funzo, ni hili: kabla hujatafuta dhambi ya mtu, muulize ameona nini.

Mungu awape masikio mapole, ninyi mnaonisikiliza, na wewe utakayeisoma karatasi hii nisipokuwepo. Abariki kazi ya mikono yako, na pale utakapokosea, akupe mtu wa kukuambia ukweli huku akikupa kiti. Amina.