Wasifu wa Fundi Shimo, Aliyeacha Shimo Moja Wazi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mtuwie radhi kwa haraka ya karatasi hii. Wasifu huu umeandikwa na wajukuu kwa siku mbili, na mpaka sasa hakuna anayeamini kwamba anayeandikwa ni yeye. Alhamisi alitutania. Leo Jumapili tunamsomea.

Marehemu babu yetu, Fundi Shimo kwa wote waliomjua, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yake alisimulia kwamba alitoka tumboni amefumba jicho moja. Majirani wakanong'ona kwamba mtoto ana chongo. Kumbe alikuwa analenga.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda hicho, kuanzia 1959 hadi 1966. Hesabu zilimpiga chenga mchana kweupe, ila kwa kurusha vipande vya chaki na kuvitumbukiza kwenye kopo la mwalimu, darasa zima hakuwa na mpinzani. Viboko alivyopata kwa kipaji hicho alivihesabu vizuri, kwa hiyo tusiseme hesabu hakujua kabisa.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye uwanja wa gofu kama mkata nyasi, na mwaka 1976 akakabidhiwa chuma cha kutobolea mashimo. Kwa wasiojua, shimo la gofu halikai mahali pamoja. Kila asubuhi, kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi kama zulia, mtu anatoboa shimo jipya. Kile kipande cha udongo kinachotoka, na nyasi zake juu, kinakuwa kizibo cha shimo la jana. Kazi hiyo marehemu aliifanya miaka arobaini na minane. Alistaafu mwaka 2013, kwa siku nne. Siku ya tano Bibi alimkuta anatoboa bustani ya maua, akamwambia, "Mzee, rudi kazini kabla hujanitobolea nyumba."

Bibi mwenyewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alifunga naye ndoa Jumamosi tarehe 12 Agosti 1978. Jumatatu yake masomo yakaanza. Marehemu alilaza kikombe cha bati mwisho wa ukumbi wa nyumba, akampa bibi harusi fimbo fupi ya gofu na mpira mmoja. Kwa miaka arobaini na mitano ukumbi ule ulikuwa chuo, na mwanafunzi alikuwa mmoja, na alifeli kila muhula.

"Shimo usilikodolee macho, mama watoto. Liko mbali, litakutisha. Chora mstari kwenye mpira. Simama nyuma yake, uelekeze mstari. Halafu chagua alama hapa karibu, shubiri moja mbele ya mpira. Pitisha mpira juu ya hiyo alama. Basi."

"Na macho?"

"Yawe juu ya mpira. Hebu shika mpira mwingine hapo katikati ya macho, uachie. Umeangukia wapi?"

"Kwenye kidole changu, wewe mzee!"

Alijua kulenga, Bibi. Nguo haishonwi kwa kubahatisha. Tatizo lilikuja dakika ya mwisho, alipoushuku mstari wake mwenyewe na kuuzungusha mkono. Na hakukosa kwa unywele. Alikosa kwa wilaya. Mpira uliwahi kuingia jikoni, ukaingia chooni, ukaingia kwenye kiatu cha mgeni wa posa. Kwenye kikombe, kamwe.

"Mimi sifi," marehemu alikuwa akisema, "mpaka nione mpira wako umeingia."

"Basi utaishi milele," Bibi alimjibu, na wote wawili walicheka mpaka wakashika ukuta. Utani huo tumekua nao. Hakuna aliyedhani kwamba mmoja wao alikuwa anauamini.

Mahali hapa wasifu huwa unaeleza ugonjwa wa marehemu. Sisi hatuna cha kuandika. Hakuugua. Jumanne alitoka kupimwa, akamwambia daktari presha yake iko sawa kuliko ya daktari. Jumatano alipanda ngazi akabadilisha taa ya ukumbini ili mwanafunzi asipate kisingizio.

Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, alituma picha kwenye grupu la familia. Ni shimo jipya la grini namba tisa, na maneno haya: "Mwambieni bibi yenu hili hata yeye atalipata." Tukamwaga vicheko. Mmoja akaandika, "Babu, acha kumwonea mjane wa kikombe." Vicheko bado vinaingia, simu ya Bibi ikaita. Aliyepiga alikuwa mkata nyasi wa uwanjani, mwenzake marehemu. Amemkuta Fundi Shimo amelala ubavu kwenye grini, moyo umesimama, chuma mkononi, kizibo bado kimo ndani ya chuma. Shimo jipya lilikuwa tayari. La jana hakuwahi kuliziba.

Neno lile la mjane limefutwa kwenye grupu. Kichwani halifutiki.

Bibi hakulia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani siku ile na iliyofuata, watu wanampa pole, yeye anawatazama kama waliokosea nyumba. Alikuwa na neno moja tu: "Lakini sijaingiza." Shangazi akamshika mkono. "Mama, tunajua." "Hamjui. Mimi sijaingiza bado. Amekwendaje?"

Jana asubuhi aliomba apelekwe namba tisa. Wenzake marehemu walikuwa wameizungushia kamba, hawakugusa kitu. Kizibo walikuwa wamekihifadhi kwenye beseni, kivulini, wanakinyunyizia maji. Bibi alivua viatu. Akachora mstari kwenye mpira kwa chaki ya cherehani. Akasimama nyuma, akaelekeza. Akachagua alama yake, shubiri moja, jani moja la nyasi lililopauka. Akaachia mpira wa pili kutoka katikati ya macho, ukagonga wa kwanza, tak! Kisha akasukuma, na kwa mara ya kwanza mkono haukuzunguka. Mpira ulipita juu ya lile jani, umenyooka kama mshono.

Ila ukumbi wa nyumba ni bapa, na grini ina mteremko. Somo hilo walikuwa hawajalifikia. Katikati ya safari mpira ukaanza kukata kushoto, polepole, tukafumba macho. Tukasikia umedondoka.

Mkata nyasi akaenda kuchungulia.

"Mama," mkata nyasi akasema kwa sauti ya chini, "umeingia shimo la jana."

"Lilitobolewa na nani?"

"Na mzee."

"Basi umeingia."

Ndipo akalia. Alipomaliza alidai beseni. Mkata nyasi akainama kuutoa mpira, Bibi akamzuia: "Uache humo." Ikabidi mkata nyasi akate udongo wa chini ya kizibo kwa kisu ili kikae sawa. Bibi akakishindilia mwenyewe, kwa nyayo zake tupu, mpaka nyasi zikalingana.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, dada wawili, na mkata nyasi ambaye tangu jana ndiye mwenye chuma.

Maneno ya kufungia ametupa Bibi, akasema tusiyaguse:

"Mzee, umeingia. Sasa pumzika kwa amani."