Matanga Yanayotaka Upepo

Benchi ni langu. Nimelipigilia misumari kwa mkono wangu ili mteja akalie wakati namshonea kiatu, lakini tangu niliweke hapa njia panda ya Muheza, mteja hajawahi kupata nafasi. Kila asubuhi wanalikalia watatu wale wale. Kuna Uweso, tunayemwita Taarifa, kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo halijamfikia yeye kwanza. Kuna Edgar, dereva wa Noah ya kukodi, tunayemwita Gia, maana hata akiwa amekaa tu mkono wake wa kushoto unahangaika. Na kuna Mzee Zabron, mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Kahawa anauza Hafsa, hapo hapo pembeni, pamoja na kashata. Mimi nashona, nasikia, sitaki ugomvi na mtu. Siku hiyo Mzee Zabron alikuja ameishika simu kwa mikono miwili, akamsukuma Gia kidogo, akakaa.

— Ujumbe wa Loveness, alisema. Kutoka Arusha.

Loveness ni binti yake, wa pekee. Miaka miwili hajakanyaga Muheza. Wote tulilijua hilo, ila hapa benchini hatukuwa tunalitaja.

— Tusomee basi, mzee, alisema Gia.

Mzee Zabron akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

— "Shikamoo baba. Jumamosi mimi na wenzangu tunashuka pwani, tuna matanga. Nitafutie mahali penye upepo mzuri ambapo gari linafika. Nijibu kabla ya mchana, maana tukikosa huko tutaenda kwingine."

Hafsa akalitua dele la kahawa chini.

— Innalillahi! Matanga ya nani tena, baba?

— Hajasema.

— Pole sana, mzee, alisema Gia. Gari lipo. We sema tu saa ngapi.

— Lakini msiba unaoagiza upepo mzuri, aliuliza Hafsa, ni msiba gani huo?

— Hilo ni dogo, alisema Taarifa. Arusha kule ni baridi. Mtu wa baridi ukimleta kulia kwenye joto letu hili, siku ya pili anazimia. Ndiyo maana wanaomba mahali penye hewa. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia. We mimina kahawa.

— Na wakikosa hapa wanakwenda kulia kwingine! Gia akatikisa kichwa. Matanga ya kuhamahama mimi sijapata kuyaona.

Simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa picha. Mzee Zabron aliitazama, akampa Gia, Gia akanipa mimi. Loveness amesimama juu ya ubao katikati ya maji, ameshikilia mlingoti, tanga jekundu limejaa upepo nyuma yake, na anacheka meno yote nje.

— Alaa! nilisema. Jamani, haya ni matanga ya chombo. Hakuna aliyekufa.

Watu wazima wa mkoa wa Tanga, na neno lililotushinda ni tanga.

— Alijifunzia Unguja, alipokuwa anafanya kazi hotelini, alisema Mzee Zabron. Aliwahi kunieleza. Mimi nikadhani ni mchezo wa kuteleza tu majini, nikamwambia aache. Haya, semeni. Wapi kuna upepo?

— Kumbe ni hilo tu? Gia akajivuta mbele. Upepo niulize mimi. Shika njia ya Pangani, ukifika Kigombe Noah yangu inapepesuka hivi, hivi, usukani naushika kwa magoti.

— Hiyo ni Noah yako mbovu, alisema Taarifa. Upepo hauhusiki. Mzee, mwambie Mkwaja. Upepo wa Mkwaja haujapata kuumbwa mwingine. Kuku wa kule wanatembea kinyumenyume.

— Weee!

— Wallahi. Wakiukabili upepo manyoya yanakwisha. Shemeji yangu anakaa kule, alianika kanzu asubuhi, jioni ikaonekana Pangani mjini.

— Imenasa juu ya mti? aliuliza Gia.

— Imevaliwa.

— Huo si upepo, alisema Hafsa, huo ni wizi.

— Ni upepo! Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake hapo ni nini?

— Maana yake kanzu haikurudi.

Hapo akawa amefika mama mmoja msafiri, mkanda wa kiatu umekatika. Basi lake lilikuwa limesimama ng'ambo, watu wananunua machungwa. Akanipa kiatu na, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, akakaa juu ya kreti la soda la Hafsa. Hakuna aliyemjali. Taarifa alikuwa amepanda hewani na hashuki.

— Mnajua kwa nini tembo wa Saadani wanashuka mpaka ufukweni Mkwaja? Hamjui. Tembo masikio yake ni nini? Ni matanga! Anafuata upepo. Iko siku mtasikia mmoja ameonekana Pemba.

— Na gari linafika? aliuliza Mzee Zabron. Alikuwa hacheki hata kidogo.

— Mkwaja? Kiangazi linafika vizuri.

— Na sasa?

— Sasa... linafika likitaka.

Mzee Zabron akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, midomo inatembea. Ningelikuwa mimi ningelinyamaza. Gia hakunyamaza.

— Ila hawa watoto wanajitesa bure, alisema. Upepo wanao mlangoni kwao. Si kuna lile bwawa, Nyumba ya Mungu? Nilipeleka watu mwaka juzi, kofia yangu mpaka leo iko kule majini. Wakitoka Arusha asubuhi, wanafika na chai ya chupa bado ya moto. Jioni wamelala kwao.

Kidole kikasimama.

— Nani kakuuliza habari za bwawa?

— Si umesema penye upepo, gari linafika?

— Nimesema pwani! Bwawa ni pwani? Bwawa lina mamba!

— Na Mkwaja kuna tembo, mzee.

— Tembo haogelei!

— Kusema kweli anaogelea, alisema Taarifa, ambaye asubuhi nzima hiyo ndiyo kweli pekee aliyoitoa.

— Nyamazeni! Atakayemtajia mwanangu hilo bwawa, mimi na yeye basi. Basi kabisa!

Nikaitua sindano. Miaka yote sijamsikia Mzee Zabron akipaza sauti, hata siku ile pikipiki ilipomgonga mbuzi wake. Nilimhurumia, sitaficha.

Hafsa akamsogezea kikombe.

— Akienda bwawani, baba, hapiti hapa.

— Hapiti.

— Na akienda Mkwaja?

— Akienda Mkwaja lazima apite Muheza. Hana njia nyingine. Nitamwona, hata kama ni dirishani.

— Mara ya mwisho alikuja lini?

Mzee Zabron akavua miwani.

— Matanga ya mama yake. Haya yetu, ya kulia. Alikaa mpaka tulipoyaanua, asubuhi yake akaondoka. Kila nikimwita anasema hawezi kuingia nyumba ile. Sasa leo ameuliza mwenyewe, mnaona? Ameuliza mwenyewe.

Hapo kila mtu akawa mwema ghafla, na wema wa benchi hili ni hatari kuliko ubishi wake.

— Basi tumwambie upepo uko hapa hapa Muheza, alisema Gia.

— Upo! Taarifa akadakia. Mabasi yakipita hapa njia panda upepo wake si mchezo. Si ndio ulioezua banda la machungwa la Fanueli?

— Na maji? aliuliza Hafsa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maji yatapatikana.

— Mvunguni mwa nini, Uweso?

— Hafsa, tunamsaidia mzee, usilete mitihani.

Yule mama msafiri alikuwa ametulia juu ya kreti, mguu mmoja una kiatu, mmoja uko peku juu ya mwenzake. Akakohoa kidogo.

— Samahanini. Mimi si mtu wa hapa, nangoja kiatu tu. Lakini huyo binti, pasipokuwa na upepo, kwao hapaendeki?

Mkono wa Gia ukatulia juu ya goti, kwa mara ya kwanza. Hafsa akalichukua dele ammiminie yule mama japo kikombe kimoja cha ukarimu, likatoa mashapo.

Basi likapiga honi. Nikampa mama kiatu chake, akashukuru, akavuka barabara haraka. Hakungoja jibu.

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Mzee Zabron akaitazama ile picha tena, mtoto anavyocheka, kisha akampa Gia simu.

— Futa hayo ya Mkwaja.

— Nimefuta. Niandike nini?

— Mwandikie upepo uko Nyumba ya Mungu. Mwambie gari linafika. Mwandikie na mamba, awe mwangalifu.

Gia akatutazama sote, akaandika.

— Nitume?

— Ngoja. Ongeza hapo chini. Andika: Muheza hakuna upepo. Ila mimi nipo.