Aliyepiga Simu Mara ya Pili

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi yangu ninayelala naye chumba kimoja. Mwaka jana, wakati wa likizo, mama mmoja wa ofisi hii alipiga simu nyumbani ili amuulize Bibi maswali, nami nikamdanganya. Nilisema Bibi amelala. Bibi alikuwa uani, yu macho kabisa, anashona kifungo cha sketi yangu ya shule.

Mama huyo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ametumikia miaka thelathini na mmoja, na kumi na minne ya mwisho amekuwa mkusanya takwimu wa simu ya msaada wa kisheria kwa wazee. Wenzake wanamwita Mama Mwenyewe, kwa kuwa kila simu anaianza kwa maneno yaleyale: "Naomba kuongea na mwenyewe." Mhariri wa jarida hili la ofisi alitaka wakubwa wamwandikie wasifu. Akakataa. "Mpeni yule mtoto wa vitabu," alisema, akimaanisha mimi, ninayekuja hapa siku za likizo kupanga vitabu. "Yeye hajui kupamba." Ni kweli, sijui. Tena nimekasirika, kwa hiyo mniwie radhi mapema.

Alianza kama mpiga chapa. Mashine za chapa zilipoondolewa akahamishiwa mapokezi, kisha akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Wakili akishamshauri mzee kuhusu wosia, pensheni au mgogoro wa nyumba, faili hukaa miezi mitatu. Halafu Mama Mwenyewe hupiga simu akiwa na dodoso la maswali saba. La saba ndilo fupi kuliko yote: nini kimebadilika tangu ulipotupigia?

Ni fupi, lakini majibu yake hayana mwisho. Babu mmoja alikataa kujibu lolote mpaka yeye kwanza amhoji mhoji. Umeolewa? Wangapi wamekuita mama? Unakoroma? Mama Mwenyewe alijibu yote, hata la kukoroma, ndipo babu akasema, "Haya, sasa tunajuana. Uliza." Mzee mwingine alikuwa haisikii vizuri simu, Mama Mwenyewe akalazimika kupaza sauti: "JE, MWANAO AMEKURUDISHIA HATI?" Ghorofa nzima ilijua habari za hati ile. Wiki iliyofuata meza yake ikahamishiwa stoo ya mifagio, yenye dirisha moja linalotazama tangi la maji. Wengine wangenuna. Yeye alifurahi kwamba sasa wazee wana faragha.

Nimekiona chumba hicho. Sifongo ya kisikilizio chake iliisha zamani, akaishonea kipande cha soksi. Ukutani kuna karatasi yenye saa ambazo kila mzee hubaki peke yake nyumbani. Hizo saa ndizo utaalamu wake, na ndizo zilizomponza.

Sasa nirudi kwenye uongo wangu. Mjomba anaishi nasi. Alimletea Bibi karatasi akamwambia ni za kubadilisha mita ya maji, Bibi akatia sahihi. Baadaye Bibi akapata wasiwasi, akapigia simu hii ya msaada, na wakili akamweleza kwamba kama ni karatasi za kuhamisha nyumba, ana muda maalumu wa kuweka pingamizi. Bibi hakuweka. Kila akitaja safari ya ofisi ya ardhi, Mjomba alimwambia, "Mama, unataka kunipeleka mahakamani, mimi mtoto wako?" naye akaiacha safari.

Simu ya dodoso ilipolia, Mjomba alikuwa mezani anakula. Alinipa simu, akanikazia macho.

"Sema amelala, na tatizo limeisha."

Nikasema Bibi amelala, na tatizo lake limeisha. Mama Mwenyewe akauliza limeisha vipi. Nikasema, "Tumelimaliza kifamilia." Hadi leo sentensi hiyo inanichoma ulimi.

"Sawa, mwanangu," akasema. " Na Bibi huwa anaamka saa ngapi?"

"Saa nne," nikasema. Sijui kwa nini. Saa nne ndiyo saa ambayo Mjomba huwa kazini.

Kesho yake saa nne kamili simu ikalia. Bibi huweka sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama. Nilipiga jana jioni nikaambiwa umelala."

"Marahaba. Mimi nilale jioni? Nani kasema?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mama Mwenyewe alikuwa ameijua sauti yangu, kwa maana mimi ndiye niliyepokea na kumpelekea Bibi simu. Lakini akasema, "Labda nilikosea namba, mama. Macho yangu haya." Wakaendelea. Bibi aliongea karibu nusu saa. Kwenye swali la saba alisema hakuna kilichobadilika ila usingizi wake. Mama Mwenyewe akamrudisha kwa wakili papo hapo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Pingamizi liliwekwa, uhamisho ukafutwa, na nyumba bado ina jina la Bibi. Mjomba alituvimbia miezi miwili. Siku hizi anatusalimia.

Kwa simu ile ya pili, Mama Mwenyewe alipewa barua ya onyo. Kosa: kumpigia mhojiwa yuleyule mara mbili na kurefusha kazi. Nimeisoma. Ina mhuri.

Hapo ndipo hasira zangu zinapotoka. Taarifa ya mwaka ya ofisi hii inajivunia kwamba wazee tisa kati ya kumi hueleza matatizo yao yametatuliwa. Mama Mwenyewe alitenganisha madodoso mafungu mawili. Yaliyojibiwa na watoto, wakwe na wajukuu yalisema limeisha, limeisha, limeisha. Yaliyojibiwa na wazee wenyewe, wakiwa peke yao, yalisema hivyo nusu tu. Alipeleka mafungu hayo kwenye kikao. Mkuu wa kitengo akamwambia, "Mama, unatuharibia takwimu."

Akajibu, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ninyi mnawauliza wachimba kaburi."

Watu walicheka, kikao kikafungwa, na mafungu yale mawili yakachanganywa tena. Sasa dodoso jipya linaanza mwezi ujao. Nimeonyeshwa. Lina maswali manne, simu ni moja tu, na kwenye nafasi ya mhojiwa pameandikwa: "mzee au mwanakaya yeyote aliye karibu." Mwanakaya aliye karibu! Kwetu aliyekuwa karibu ni Mjomba, na mimi nikiwa mdomo wake. Mnamwandalia mama huyu keki na ngao ya shaba, na wiki hiyohiyo mnafuta kitu pekee alichowafundisha. Mimi ni mwanafunzi na sijui kuendesha ofisi. Lakini najua jinsi mtu anavyojibu akikaziwa macho.

Mama Mwenyewe, ahsante kwa kupiga tena. Ahsante kwa kusingizia macho yako ili kuficha aibu yangu. Nakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, afya isiyokusumbua, na watu wa kukuuliza unaendeleaje na kusubiri jibu lako.

Jana nilimsomea Bibi wasifu huu wote kabla ya kuuleta. Nilipofika pale nilipodanganya, aliacha kukunja nguo. Nikasoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulikuwa unamwogopa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi." Akauliza hiyo ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Aya hii naiandika kwenye benchi la mapokezi. Tulifika saa mbili na nusu asubuhi. Bibi aliomba kumwona mkuu wa kitengo kuhusu dodoso jipya, akaambiwa asubiri, akasubiri, kisha akaingia. Katibu muhtasi amenifuata akaniuliza kama ningeingia nimsaidie bibi yangu kujieleza. Nimemwambia hapana, mwenyewe yumo ndani, na nimebaki hapa nje.